Je, vita imebadilika? Jibu kwa swali la mkutano wetu



Waliokuwa kwenye mkutano wetu wa mwisho kule Katuba wanakumbuka namna tulivyoachana bila kumaliza. Kazi ilionekana ndogo: kupokea wanachama wapya. Kifungu cha 4 cha sheria ya chama kinasema mwanachama ni «mtu aliyekimbia vita na akarudi». Jina la kwanza likapita, la pili likapita. La tatu lilikuwa la mama mmoja mzaliwa wa Likasi. Mwandishi akamuuliza, kama anavyouliza kila mtu: «Mama, ulikimbia vita gani?»

Mama akasimama. «Miye nilizaliwaka Likasi. Mu 1992 batu ya kartie yetu njo balitufukuza. Hapakuwaka basoda, hapakuwaka ndeke. Tulilala ku gare na batoto, kisha tukaenda Kasai, inchi yenye sikuiyuaka. Nilirudia kisha miaka kumi na moya. Sasa mutanikatala juu basoda habakuwaka?»

Hapo kelele ikaanza. Wengine walisema ile ilikuwa mambo ya siasa, si vita. Wengine wakasema sanduku letu ni dogo, tukifungulia kila mtu litaisha kabla ya masika. Kijana mmoja akasema vita ya siku hizi ni ya droni na telefone, mambo ya wazee hayaifikii tena. Mzee mmoja akamjibu: «Mutoto, kufa haina ya zamani na ya sasa.» Rais wa chama akaniangalia, akasema: «Papa mwalimu, weye ulifundishaka historia. Utuandikie mu gazeti, kisha tutapiga kura.»

Basi naandika. Swali lenyewe ni hili: je, vita ya leo ni kitu kingine kuliko vita ya zamani? Tukijua jibu, tutajua pia kama yule mama alikimbia vita ao hapana. Sitaenda mbali kutafuta mifano. Katanga yetu ina ya kutosha.

Kwanza neno moja la mgeni

Kulikuwa na soda mmoja wa Prussia, Carl von Clausewitz, aliyepigana na majeshi ya Napoléon na kufa mwaka 1831. Kitabu chake juu ya vita kilitoka mwaka uliofuata, na mpaka leo kinasomwa mu masomo ya maofisa. Ndani yake aliifananisha vita na kinyonga: rangi inabadilika kila mahali. Wanaomfuata wanapenda kusema rangi ni nyingi, mnyama ni mmoja. Kwa maneno mengine, silaha na sababu zinabadilika, lakini vita inabaki ileile: mtu anatumia nguvu ili mwingine afuate mapenzi yake.

Yule mzee wetu alisema karibu jambo lilelile bila kusoma kitabu. Lakini Clausewitz aliitazama vita toka upande wa wenye kuipiga. Sisi tuliitazama toka upande wa wenye kuikimbia. Toka upande huo mtu anaona mengine.

Bunkeya, 1891

Tuanze na Msiri. Alitoka upande wa Unyamwezi, akaja huku kwa ajili ya shaba, na kabla ya Wazungu alikuwa amekwisha kujenga ufalme wa Garenganze, mji wake mkuu ukiwa Bunkeya. Nguvu yake ilitoka wapi? Alikuwa na shaba, pembe za ndovu, chumvi na watumwa. Alivituma upande wa pwani ya mashariki na upande wa Benguela kule Angola, na kwa malipo alipata bunduki na baruti. Kwa bunduki hizo alipata tena pembe na watumwa. Njia ya mali na njia ya vita ilikuwa moja.

Mwaka 1891 msafara wa kapteni William Stairs ukafika, umetumwa kwa faida ya mfalme Léopold II. Ulianzia Zanzibar, na watu wake wengi walikuwa wasoda na wabebaji walioandikwa kule, wenye kusema Kiswahili. Tarehe 20 mwezi wa 12 ofisa Omer Bodson alimpiga Msiri risasi, na yeye mwenyewe akapigwa palepale, akafa.

Tulipofundisha ku masomo, tuliishia hapo: mfalme amekufa, bendera imepanda, sura imefungwa. Lakini watu wa Bunkeya walienda wapi? Njaa ilikuwa imekwisha kuingia mbele ya Stairs, maana Basanga walikuwa wameasi na mashamba yalikuwa yameachwa. Mji ukatawanyika. Mukanda-Bantu, mtoto wa Msiri aliyechukua kiti, alihamia upande wa kituo cha Wabelgiji kule Lofoi pamoja na sehemu ya watu wake. Ilipita karibu miaka 20 mbele ya kiti cha Bayeke kurudi Bunkeya. Risasi ya Bodson ilichukua dakika moja. Kurudi kulichukua umri wa mtoto mpaka aoe.

Na tuseme ukweli: mbele ya Stairs, wako wengine waliokimbia Bunkeya yenyewe. Mwanamke aliyeshikwa mu mugini wake na kupelekwa Bihé hakukuwa soda. Anayesema kwamba zamani vita ilikuwa ya wasoda peke yao, na kwamba raia wameanza kuumizwa siku hizi, huyo hajamuuliza mwanamke yule.

Wasiobeba bunduki

Mfano wa pili ni vita ya 1914 mpaka 1918. Tunakumbuka kwamba Force Publique iliingia Tabora mwezi wa 9 mwaka 1916, na mu vitabu vya Wabelgiji ni ushindi mkubwa. Lakini nani alibeba risasi, unga na mizinga mpaka Tabora? Hakukuwa barabara. Walibeba watu, kwa kichwa na kwa bega. Upande wa Zambia waliwaita tenga-tenga. Walikufa kwa njaa, kwa kuhara, kwa baridi ya milima, na waliokufa hivyo walikuwa wengi kuliko wasoda waliopigwa risasi.

Naleta mfano huu kwa sababu watu wanasema «vita ya kisasa inaingiza inchi nzima». Iliingiza inchi nzima tangu wakati ule. Mugini ambao haukuona Mudachi hata mmoja ulipoteza vijana wake na mavuno yake.

Élisabethville, 1961

Sasa tufike mu mji huu wetu, wakati ukiitwa Élisabethville. Tarehe 11 mwezi wa 7 mwaka 1960, Moïse Tshombe alitangaza Katanga kuwa inchi peke yake. Union Minière ikaendelea kulipa kodi, lakini sasa kwa Tshombe. Kwa makuta hayo alinunua silaha na akaandika mersenere, ni kusema watu wa kupigana kwa malipo, toka Ubelgiji, Ufaransa, Afrika ya Kusini na kwingine.

Mwezi wa 9 mwaka 1961 vita iliwaka mu mji kati ya majeshi ya Umoja wa Mataifa na jandarmeri ya Katanga. Katanga ilikuwa na ndeke moja tu ya kivita iliyokuwa ikiruka, Fouga Magister, na ONU haikukuwa na hata moja. Ndeke ile moja ilisumbua kazi nzima ya ONU mpaka ilipoleta ndeke zake za kivita za Sweden, Ethiopia na India. Usiku wa tarehe 17 kuamkia 18, ndeke ya katibu mkuu Dag Hammarskjöld, aliyekuwa akienda kuongea na Tshombe, ilianguka karibu na Ndola, na yeye akafa. Kijana wetu anayestaajabia droni akumbuke kwamba babu yake aliangalia angani kwa woga uleule.

Lakini mimi nataka tuangalie chini. Mwezi ule wa 8 na wa 9, Baluba wa Kasai na wa kaskazini mwa Katanga waliokuwa wakikaa mu mji walianza kukimbilia kwa wasoda wa ONU, kwa kuogopa kushikwa na kuuawa. Ilizaliwa kambi pembezoni mwa mji, na kwa majuma machache ikawa na makumi ya maelfu ya watu. Hao hawakuvuka mpaka wowote. Wengine waliweza kuona paa la nyumba yao toka kambini, na hawakuweza kulala ndani yake. Mwaka 1962 ONU iliwasafirisha wengi kuelekea Kasai na kaskazini. Kumbuka jambo hili, maana tutalirudilia.

Mwezi wa kwanza mwaka 1963 Tshombe alikubali kwamba Katanga inarudi ndani ya Kongo. Je, vita iliisha? Sehemu ya jandarmeri ilivuka kwenda Angola na silaha zake. Watu hao ao wenzao walirudi mwaka 1964, wakaasi, wakavuka tena. Toka kwao kulizaliwa FNLC, iliyoingia Shaba mwezi wa 3 mwaka 1977, na mara ya pili mwezi wa 5 mwaka 1978, ilipochukua Kolwezi. Tarehe 19 wasoda wa Légion ya Ufaransa walirushwa na parashuti juu ya mji. Mamia ya watu walikufa pale, Wakongomani na Wazungu. Raia wengi wakakimbilia Angola. Mwaka uleule Mobutu alitangaza msamaha, na wakimbizi wengi wakarudi, wengine kwa kuogopa sana.

Hesabu wenyewe: toka 1960 mpaka 1978 ni miaka 18. Vitabu vinaandika vita tatu mbalimbali. Kwa mama wa Dilolo ao wa Kasaji ni moja tu, yenye kupumzika na kuamka.

Likasi na Kolwezi, 1992 na 1993

Sasa nafika pale tulipogombana. Najua kati yetu mko mlioteseka wakati ule, na mko ambao wakubwa wenu walisimama upande mwingine. Sitahukumu jamaa ya mtu. Nitasema yanayojulikana.

Tarehe 15 mwezi wa 8 mwaka 1992, mkutano wa taifa kule Kinshasa ulimchagua Étienne Tshisekedi, Muluba wa Kasai, kuwa waziri mkuu pahali pa Nguz Karl-i-Bond, mtu wa Katanga. Huku kwetu, wakubwa wa mkoa na vijana wa chama cha UFERI walikuwa wamekwisha kufundisha watu kwamba Wakasai ni wageni wanaokula kazi ya wenyeji. Nyumba zikaanza kuchomwa na watu kufukuzwa Likasi, kisha Kolwezi mu 1993. Mamia ya maelfu ya watu waliondoka. Wengi walikaa majuma na miezi ku gare wakingojea treni, na wengi walikufa pale na njiani kwa njaa na magonjwa. Kati yao walikuwa watu ambao babu zao waliletwa huku na kampuni ya madini na reli toka wakati wa Wabelgiji. Kasai waliisikia kwa jina tu.

Wanaosema «ile haikuwa vita» wana sababu yao. Hapakuwa majeshi mawili. Hapakuwa tangazo. Hapakuwa mapatano ya amani, kwa kuwa hapakuwa wa kuyatia sahihi. Silaha zilikuwa fimbo, mapanga na petroli.

Lakini tuiweke karibu na 1961. Watu walewale, mji mwingine, miaka 31 kati. Mara ya kwanza walikimbilia ONU, mara ya pili walikimbilia gare. Mara ya kwanza kulikuwa jandarmeri na ndeke, kwa hiyo tunasema vita. Mara ya pili kulikuwa jirani, kwa hiyo tunasema siasa. Mama aliyekuwa mtoto kambini mwaka 1961 na bibi ku gare mwaka 1992, yeye angeonaje tofauti? Nguvu ilitumiwa ili afuate mapenzi ya mwingine, na mapenzi hayo yalikuwa moja: ondoka. Hata kwa maneno ya yule Clausewitz, hiyo ni vita.

Sisi wa Pweto

Naongea pia juu yetu, maana chama hiki kilianzishwa na watu waliorudi toka Zambia, na tumezoea kufikiri kwamba vita yetu ndiyo ya kweli. Na ni kweli ilikuwa na kila kitu. Ilianza tarehe 2 mwezi wa 8 mwaka 1998. Rwanda na Uganda upande mmoja, Zimbabwe, Angola na Namibia upande wa serkali yetu. Mapatano yalitiwa sahihi Lusaka mwezi wa 7 mwaka 1999. Mwaka mmoja na nusu kisha mapatano hayo, mwezi wa 12 mwaka 2000, Pweto ikaanguka.

Nilikuwa mwalimu pale. Mke wangu alibeba mtoto mgongoni na sufuria kichwani, mimi nilisukuma kinga yenye magunia mawili, na ndani ya gunia moja kulikuwa daftari za wanafunzi, ujinga mtupu, maana ningeweza kubeba unga. Tulipita kando ya ziwa Moero pamoja na makumi ya maelfu ya watu. Jambo ambalo sijasahau ni kwamba wasoda waliotakiwa kutulinda walikuwa wakikimbia njia ileile, na magari yao makubwa ya vita yalibaki pa kivuko. Siku ile hapakuwa tena mstari wa mbele na nyuma. Soda na raia walikunywa maji ya shimo moja.

Tukafikishwa kambi ya Kala, upande wa Kawambwa. Wengine walikuwa Mwange. Nilifundisha pale miaka saba. Mu 2003 serkali ya kuunganisha wote iliundwa Kinshasa, na radio ikasema vita imekwisha. Sisi tulibaki kambini, kwa kuwa kati ya Pweto, Mitwaba na Manono vita ilikuwa ingali mbichi: Mai-Mai, ambao serkali yenyewe iliwapa silaha ili wapigane na wageni, sasa walipigana na kila mtu. Watu waliita pahali pale pembetatu ya kifo. Gédéon Kyungu alijitoa Mitwaba mwezi wa 5 mwaka 2006, akahukumiwa mu 2009, akatoroka gereza la Kasapa mu 2011, akajitoa tena mu 2016. HCR ilianza kuturudisha mu 2007, na Kala na Mwange zikafungwa mu 2010. Mimi nilirudi 2008. Ndani ya parsele yangu nilikuta jamaa nyingine, watu wapole, na wao wamekimbia toka Mitwaba. Walikuwa wamepanda mihogo. Tulikaa chini ya mwembe wangu kama wageni, na baba wa nyumba akatuletea viti.

Tarehe 23 mwezi wa 3 mwaka 2013, hapa Lubumbashi, mamia ya watu wa Bakata Katanga waliingia mpaka katikati ya mji. Wengi walikuwa na mishale, mapanga na hirizi, bunduki zilikuwa chache, na kati yao kulikuwa watoto. Walipigwa, wengine wakafa, waliobaki wakajitoa ndani ya eneo la MONUSCO. Mwaka 2013, mu mji wenye intaneti, watu walikufa wakishika upinde. Silaha mpya haifukuzi ya zamani. Zinakaa pamoja.

Na mashariki leo?

Ndugu zetu wa Goma na Bukavu, miji iliyochukuliwa na M23 mwezi wa kwanza na wa pili mwaka 2025, wanatuambia juu ya droni, ni kusema ndeke zisizo na mtu ndani. Hilo ni jipya. Lakini angalieni yaliyobaki. Goma ilipoanguka, mersenere karibu 300 wa Romania waliokuwa upande wa serkali walijitoa na kupitishwa Rwanda. Tshombe angewatambua mara moja. Mgodi wa koltani wa Rubaya, ambao M23 iliuchukua mu 2024, wataalamu wa ONU walikadiria unaiingizia karibu dola 800 000 kila mwezi kwa kodi. Msiri angeelewa hesabu hiyo bila mwalimu.

Kitu kilichobadilika

Je, basi hakuna kilichobadilika? Hapana, naona mambo matatu, na kijana wetu ana haki mu moja.

La kwanza ni habari. Mwaka 2000 tulitafuta ndugu zetu kwa karatasi za Msalaba Mwekundu, na jibu lilikuja kisha miezi. Leo mtu anakimbia huku akiongea na mtoto wake Ndola. Lakini uongo pia unakimbia. Mwezi wa 8 mwaka 2007 kule Moba, uvumi tu kwamba watu fulani watarudishwa ulitosha kuleta fujo, na wafanyakazi wa misaada wakaondolewa. WhatsApp ilikuwa haijafika. Fikirieni leo.

La pili ni mwisho. Zamani vita ilikuwa na tarehe ya mwisho, ao angalau tuliamini hivyo. Lakini tumeona kwamba hata ile ya Bunkeya iliendelea miaka 20 kwa waliotawanyika. Leo hata wakubwa hawaoni tena mwisho. Mapatano yanatiwa sahihi na risasi inaendelea, wasoda wanaitwa wanajeshi asubuhi na waasi mangaribi. Kwa hiyo mwisho wa vita si karatasi ya wakubwa. Ni siku ambayo aliyekimbia anaweza kulala kwake bila woga na bila kumfukuza mwingine.

La tatu ni kubwa zaidi, na linahusu kifungu chetu cha 4. Dunia imebadilisha swali. Mapatano ya Genève ya 1951 yalimpa jina mkimbizi, lakini yalimtazama hasa mtu anayewindwa kwa ajili ya kabila, dini ao mawazo yake. Mu 1969 Umoja wa Afrika wa wakati ule, OUA, ulikutana Addis Ababa na kuongeza: ni mkimbizi pia aliyekimbia mashambulizi, utawala wa wageni, ao mambo yanayoharibu sana utulivu wa watu. Kisha mwaka 2009 Umoja wa Afrika uliandika mapatano ya Kampala kwa ajili ya waliokimbia ndani ya inchi yao, na humo pamoja na vita wakataja fujo za watu wote na kuvunjwa kwa haki. Na tarehe 14 mwezi wa 3 mwaka 2012, mahakama ya kimataifa kule La Haye ilimkuta Thomas Lubanga, Mkongomani, na kosa la kuingiza watoto mu jeshi. Wakati wa Msiri mtoto mwenye bunduki alikuwa soda mdogo. Sasa yule anayempa bunduki ni mhalifu.

Mnaona? Vita haikubadilika sana. Kilichobadilika ni sisi tunaoihesabu. Sheria za Waafrika wenyewe hazimuulizi tena aliyefukuzwa: «Walikuwa majeshi mangapi?» Zinamuuliza: «Uliweza kubaki kwako?» Kifungu chetu cha 4 kingali kinauliza swali la zamani.

Ninayopendekeza

Wenye kuogopa juu ya sanduku wanasema kweli mu jambo moja: si kila teso ni vita. Mu 2003 Gécamines iliachilia wafanyakazi zaidi ya 10 000 kwa mara moja, na jamaa nyingi ziliharibika, nyingine zikahama. Ni huzuni kubwa, lakini hakuna aliyewatoa kwa panga. Chama chetu hakiwezi kubeba kila mzigo wa Katanga. Mpaka unahitajika. Nasema tu kwamba tuliuweka pahali pabaya: tuliuweka kwenye silaha, na silaha ndicho kitu kinachobadilika kila mara.

Napendekeza kifungu kisomeke hivi: «Mwanachama ni mtu ambaye nguvu za wenye silaha ao za umati zilimtoa kwake, na ambaye amerudi ao anatafuta kurudi.» Kwa maneno hayo yule mama wa Likasi anaingia. Anaingia pia kijana aliyechukuliwa mtoto na Bakata Katanga, anayeogopa kurudi mugini wake mpaka leo. Wanaingia wa Goma wanaofika sasa hapa mjini na mifuko yao. Kila mmoja atatoa mchango wake wa mwezi kama sisi wengine, kwa hiyo sanduku litapata mikono mingi ya kutia, si ya kutoa tu.

Wafadhili wetu wapendwa, kwenu pia neno. Mara nyingi mnatuuliza, kwa barua nzuri, sababu gani tunaomba tena msaada wa kutafuta karatasi za parsele na za masomo, wakati vita ya Pweto «iliisha mu 2003». Bunkeya ilikaa miaka karibu 20. Wa Angola walienda na kurudi miaka 15. Mimi nilipatana na jamaa ya Mitwaba tugawanye parsele mbele ya chifu, na tulimaliza karatasi mwaka 2015. Kwangu mimi, vita iliisha siku ile. Mnapolipia karatasi hizo, mnamaliza vita, hata kama mu ripoti inaandikwa msaada.

Kura itapigwa mkutano ujao. Mama wa Likasi amesema atakuja kusikiliza. Nimeomba aketi mbele, na mwandishi asimuulize tena alikimbia vita gani.



Mwanachama wenu, mwalimu wa zamani